Msinihesabie Makosa ya Mlinzi, Nihesabieni Mipira Aliyoifikia

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: msinichagulie walinzi bora wa besiboli, wale wanaouzuia mpira uliopigwa, kwa kuhesabu makosa yao. Asiyeufikia mpira haandikiwi kosa! Ukimpita hatua mbili, sifa anapewa mpigaji, na mlinzi anabaki msafi kwenye daftari. Aliyejitupa akaugusa, ukamponyoka, huyo ndiye anayeweza kuandikiwa. Haki iko wapi?

Mchukueni Ozzie Smith, mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji). Aprili 1978, San Diego, kijana hata mwezi hajamaliza kwenye ligi kuu ya Marekani. Jeff Burroughs wa Atlanta kapiga mpira wa chini, unakwenda nyuma ya besi ya pili. Ozzie kajitupa kushoto, glavu kainyoosha. Mpira ukagonga ardhi vibaya, ukadunda kuelekea nyuma yake. Tayari yuko hewani, hana pa kugeukia, na mkono wake wa kulia, mtupu, ukarudi nyuma ukaudaka. Kaanguka, kainuka, karusha besi ya kwanza. Mpira ukafika kabla ya Burroughs, naye nje. Sasa niambieni, angeukosa nani angemlaumu? Hakuna hata mmoja. Hesabu ya makosa haimjui mtu wa namna hiyo. Inayomjua ni hii: mwaka 1980, mirusho yake ilisaidia kuwatoa wapinzani mara 621, rekodi ya nafasi yake kwa msimu mmoja. Hufiki 621 kwa kusubiri mpira ukufuate.

Mtaniambia tuzo zipo, Glavu ya Dhahabu, ya mlinzi bora wa kila nafasi, inatolewa tangu 1957. Zipo, na Ozzie anazo 13. Lakini mwaka 1999 Rafael Palmeiro alipewa ya besi ya kwanza, na msimu ule alilinda besi hiyo michezo 28 tu! Sehemu kubwa ya msimu alikuwa mpigaji asiyelinda kabisa. Nitalinyamaziaje hilo? Mimi besi ya kwanza nampa Keith Hernandez, na hapo sibishani.

Besi ya tatu ni Brooks Robinson wa Baltimore, Glavu za Dhahabu 16 mfululizo. Fainali za 1970 dhidi ya Cincinnati zilimaliza mjadala. Besi ya pili Bill Mazeroski. Uwanja wa nyuma, katikati Willie Mays, kulia Roberto Clemente. Kushoto tuache kwa leo. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ni Iván Rodríguez, kwa mkono ule wa kurusha uliowafanya wakimbiaji waogope hata kuondoka besini.