Kucha za Akriliki Zikiachia, Nani Arudie Kazi?

ZAWADI: Haya kamwene wapendwa, kamwene Mafinga, kamwene Makambako, Njombe mjini, Ludewa huko...

ATUPELE: Na Mbeya je? Tumekaa Soweto hapa Mbeya, tunalipia chumba Mbeya, salamu zinaanzia Makambako.

ZAWADI: Mbeya si yako, wasalimie.

ATUPELE: Ndaga fijo watu wangu, Uyole, Mwanjelwa, Tukuyu mpaka Kyela. Leo tulipanga somo la kucha za akriliki, zile za bandia, mambo matatu: kuchanganya unga wa akriliki na maji yake, mafuta ya kucha, na namna ya kuzitoa bila kujichuna. Ila mama Ritha kaingia na mikono kaificha ndani ya kitenge. Hebu itoe.

ZAWADI: Naitoa, ila nisikilize kwanza. Wikiendi nilikuwa nyumbani, kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Ijumaa mchana kabla sijapanda gari nikaweka kucha, ndefu kidogo, rangi ya maziwa, zimetoka nzuri hatari. Jumamosi alfajiri niko uani na mawifi tunamenya viazi, gunia zima, maji ya bomba ya Njombe unayajua, ukizamisha mkono unasahau una vidole. Basi jioni namsuka Ritha, naona unywele umenasa kwenye kucha, navuta, hautoki. Nikaangalia vizuri, kucha imeachia kule shinani. Mpaka Jumapili tunarudi zimeachia mbili na ya tatu imekatika ubavuni.

ATUPELE: Lete nione. Mh. Hiyo ya unywele ndio dalili ya kwanza kabisa, watu hawaijui, wanasubiri mpaka waone kwa macho. Ukiona nywele inanasa, au uzi wa sweta, ujue pameshafunguka. Na nani kaweka hizi?

ZAWADI: Fundi mmoja mjini.

ATUPELE: Nani?

ZAWADI: Simtaji. Wewe ulikuwa umejaa, nilikupigia.

ATUPELE: Sawa, tutaongea. Angalieni, au basi hamuoni, nawaelezea. Hizi mbili zimeachia shinani, pale nyama inapokutana na kucha. Kucha ikiachia shinani mara nyingi ni maandalizi. Kuna ngozi nyembamba iliyokufa inatambaa juu ya kucha, ni nyepesi mno, usipoikwangua vizuri unga unashika ngozi badala ya kushika kucha, na ile ngozi ikitoka inatoka na kazi yako yote. Au fundi kamwaga unga mpaka ukagusa nyama. Ukigusa nyama umekwisha, kwa sababu nyama inacheza, ina jasho, ina mafuta, panafunguka kauwazi kadogo halafu maji yanajitafutia njia.

ZAWADI: Na mafuta ya mgando je? Maana baridi hii kila mtu kajipaka.

ATUPELE: Hilo ndilo linaloniua mimi kuanzia mwezi wa sita! Mteja anakuja mikono inang'aa mpaka kwenye kiwiko. Namwambia nenda kanawe kwa sabuni, akirudi nazikausha, napitisha bafa, ile faili laini, kidogo kutoa ule mng'ao, napaka ile dawa ya kukausha kucha, halafu praima, ile ya kushikisha unga kwenye kucha, kidogo sana, kidogo hasa, sio unamwaga. Nikigeuka kuchukua brashi namkuta anajikuna kichwa. Kichwa kina mafuta! Naanza upya. Wananiona nina nongwa.

ZAWADI: Wa juzi hakunisimamisha ninawe. Ila saluni yake ilikuwa baridi jamani, na mimi wa Njombe nikisema baridi ujue ni baridi.

ATUPELE: Imeanza.

ZAWADI: Imeanza nini, nasema ukweli, Mbeya mnaita baridi hii? Hii kwetu watu wanaanika nguo.

ATUPELE: Mbeya ina baridi, mama Ritha. Mwezi wa saba asubuhi pale Uyole unaongea moshi unatoka.

ZAWADI: Moshi! Sisi tunaamka majani yameganda, unatembea yanalia chini ya viatu.

ATUPELE: Hiyo ni Kitulo, sio nyumbani kwenu.

ZAWADI: Kitulo iko Makete, Makete iko mkoa wa Njombe, kwa hiyo ni nyumbani kwetu.

ATUPELE: Haya, ni ya kwenu. Sasa ngoja, hapo hapo kwenye Kitulo nina neno la maana. Akriliki inataka joto la chumba, nyuzi 20 mpaka 25 hivi. Ukichanganya ule unga na maji yake ndio inaanza kujishika yenyewe na kuwa ngumu. Chumba kikiwa baridi, au vidole vya mteja baridi, inachelewa, inakaa majimaji, inatiririka kwenda kwenye nyama. Na baridi ikizidi unaona imeota michoro kama ile barafu ya asubuhi kwenye majani ya Kitulo. Fundi asiyejua anafaili juu ya ile michoro anapaka rangi, mteja anaondoka anafurahi. Hiyo haikushika vizuri tangu siku ya kwanza.

ZAWADI: Si ndio maana fundi akaleta jiko la mkaa.

ATUPELE: Kaleta nini?

ZAWADI: Jiko la mkaa, kaliweka chini ya meza, mlango kafunga. Kukawa na joto zuri.

ATUPELE: Zawadi. Yale maji ya akriliki yanashika moto. Asetoni inashika moto. Mvuke wake mzito, unashuka chini, na chini ndiko lilipo jiko. Halafu mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kila mwaka baridi ikianza watu wanalala nalo hawaamki. Mafundi mnaonisikia, hili nawaomba kabisa, jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba cha kucha, hata dakika tano. Kama una hita ya umeme iweke mbali na meza. Huna, chukua bakuli la maji ya uvuguvugu, kichupa chako cha maji ya akriliki kikiwa kimefungwa kizamishe humo kipate joto, na mteja ashike kikombe cha chai ya moto vidole vipate uhai. Na dirisha liache wazi kidogo.

ZAWADI: Dirisha wazi Njombe? Mwezi wa saba?

ATUPELE: Wazi kidogo! Ile harufu unataka uivute yote wewe na mteja?

ZAWADI: Huku kwenu inawezekana, kwetu ukiacha dirisha kikombe cha chai kinapoa kabla hajakishika. Mi bibi yangu alikuwa anaweka maziwa nje usiku...

ATUPELE: Usituletee maziwa ya bibi, mama Ritha, tumeshakula nusu ya kipindi kwenye baridi yenu.

ZAWADI: Baridi yetu inastahili kipindi chake.

ATUPELE: Haya, turudi. Hii ya tatu iliyokatika ubavuni, hii sio ya fundi.

ZAWADI: Sio ya fundi? Ya nani sasa?

ATUPELE: Ya viazi. Kucha ya akriliki ukitoka saluni unaigonga mezani unaona ngumu, ila ndani haijamaliza kukomaa, inachukua masaa 24 mpaka 48. Wewe umeweka Ijumaa mchana, Jumamosi alfajiri uko kwenye gunia na maji ya barafu. Tena kucha yenyewe, hii ya kuzaliwa, inanyonya maji inavimba, ikikauka inasinyaa, na akriliki juu yake haifuati, kwa hiyo zinavutana. Ongeza urefu huo, kila ukibana kisu ncha inakandamizwa na shina linanyanyuliwa.

ZAWADI: Hayo ya masaa 48 aliniambia? Hakuniambia. Nimetoa elfu 25 yangu, kazi haijamaliza siku tatu, anatakiwa arudie zote bure, na asiniulize kitu.

ATUPELE: Mbili arudie bure, nakubali, zimeachia shinani, yeye ndiye aliyegusa pale. Ya tatu ulipie.

ZAWADI: Silipii.

ATUPELE: Ulimwambia unaenda kumenya viazi vya kipaimara?

ZAWADI: Kwa nini nimwambie? Yeye hajui anafanyia kazi wapi? Mwanamke wa huku anamenya, anafua, anachambua maharage, Jumamosi anapalilia. Fundi anayefungua saluni huku anatakiwa ajue hii mikono inafanya kazi, atengeneze kucha ya mikono hiyo. Kama haiwezi viazi aseme mapema, nisitoe hela.

ATUPELE: Kucha ya mikono inayofanya kazi ipo, fupi, ikizidi nyama iwe kidogo tu, shinani nyembamba, katikati ina mgongo ndio ibebe uzito. Nikikuwekea hiyo unasema nimekunyima urefu. Mteja anataka ndefu, halafu anataka ivumilie kama fupi.

ZAWADI: Nataka ndefu, ndio. Kwani anayemenya viazi hana haki ya kupendeza?

ATUPELE: Anayo, ila na mimi nina haki ya kula. Unga nanunua, maji nanunua, kodi ya fremu, nimekaa masaa mawili na nusu mgongo unauma. Kila aliyegonga kucha kwenye mlango wa gari nikimrudishia bure nitafunga.

ZAWADI: Mlango wa gari ni ajali. Viazi ni maisha.

ATUPELE: Glavu za kuoshea vyombo zipo dukani.

ZAWADI: Nimenye viazi na glavu mbele ya mawifi zangu? Atupele!

ATUPELE: Ndio! Kwa elfu 25, ndio.

ZAWADI: Hunijui wewe, wala huwajui wao. Arudie zote bure.

ATUPELE: Mbili.

ZAWADI: Zote.

ATUPELE: Mi sitoki hapo kwenye mbili. Mafundi wananisikia, nikisema zote kesho nina foleni mlangoni.

ZAWADI: Na wateja wananisikia mimi, tena ni wengi kuliko mafundi.

ATUPELE: Basi tuliache hivyo hivyo. Niambie kitu kimoja, baada ya kuachia ulifanya nini? Usiniambie supaglu.

ZAWADI: Sikuweka. Wifi alileta, nikamkumbuka yule dada aliyekuja kwako kidole kijani.

ATUPELE: Ahsante Mungu. Wapendwa, ukiweka supaglu juu ya kucha iliyoachia unafungia maji ndani, na humo kuna bakteria wanapenda unyevu, kucha yako inageuka kijani. Hiyo sio ya kufunika kwa rangi, inatolewa, kucha inaachwa wazi ikauke, na kama inauma au imevimba nenda hospitali. Fundi akifaili sehemu iliyoachia mpaka iungane na nzima, akaandaa upya, ndio anajaza. Na hata kama haijaachia, ukifika wiki mbili, tatu, rudi ujaze, kucha inaota milimita 3 hivi kwa mwezi, ule mgongo unasogea mbele na uzito unaenda nchani.

ZAWADI: Na zile za bei chee zenye harufu ya kuua, ngumu hata faili haziingii?

ATUPELE: Hizo nyingi ni MMA, aina moja ya maji ya akriliki. Akriliki ya kawaida ya kucha inatumia aina nyingine, EMA. Marekani walishaanza kuziondoa sokoni zile za MMA tupu tangu miaka ya 1970, watu waliumia kucha na ngozi. Ubaya wake ni ngumu mno, ukijigonga haivunjiki yenyewe, inaondoka na kucha yako kutoka kwenye nyama. Na kuitoa kwa asetoni ni kazi, inagoma kuyeyuka. Sasa kwenye kuchanganya, maji yakizidi...

ZAWADI: Atupele, kwaya wameshafika, naona kinanda mlangoni.

ATUPELE: Hata la kwanza hatujagusa! Kuchanganya, mafuta, kuzitoa, yote matatu.

ZAWADI: Ni baridi yenu ya Mbeya imetuchelewesha.

ATUPELE: Yetu? Haya, la kuzitoa tu kwa sekunde: usizibandue kwa meno wala kwa kadi, unavua tabaka la kucha yako. Pamba, asetoni, foili, dakika 20 au zaidi, na subira. Mengine kipindi kijacho.

ZAWADI: Na huyu fundi nampigia leo. Zote tatu.

ATUPELE: Mbili, mama Ritha. Karibuni jamani, karibuni kwaya, viti viko huko nyuma.