Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, na sisi je? (niliyoongea na wakinamama Kirumba, Mwanza, vuli hii)

Habari za saa hizi mama zangu, dada zangu, shikamooni wakubwa. Kaka zangu mliosimama mlangoni sogeeni ndani jamani, hilo wingu la ziwani mnaliona, mvua ikianza kupiga bati humu hatutasikizana.

Nimeombwa niongee kuhusu kupunguza mwendo na kujitunza vuli hii. Mi ni fundi cherehani, daktari siyo, kwa hiyo nitaongea yaliyonipata mwenyewe na machache niliyoelekezwa kliniki.

Nina mdogo wangu anaishi Uingereza. Kule nako kuna vuli, ila siyo ya mvua kama hii yetu ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, yao ni majani ya miti kugeuka manjano na mekundu halafu yanapukutika, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao nyuma lisaa limoja, ikifika Disemba saa kumi jioni kwake London kiza kinaanza kuingia. Ananiambia dada, kuna watu kile kiza kinawaingia mpaka ndani, mtu analala sana, hana hamu na lolote, na ni ugonjwa kabisa, mwaka 1984 daktari mmoja wa Marekani, Norman Rosenthal, na wenzake waliuandikia na kuupa jina, na wengine wanatibiwa kwa kukaa mbele ya taa kali asubuhi. Lakini angalau kule msimu wenyewe unakwambia ingia ndani, jifunike, tulia.

Sisi hapa Mwanza tuko karibu na ikweta, siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazipishani hata nusu saa. Jua liko pale pale, na vuli ndo kwanza mbio zinaanza. Kijijini wanaandaa mashamba ya mahindi na pamba, mjini ni harusi za Disemba, michango, sikukuu, na Januari hiyo hapo inasubiri na ada mkononi. Nani atakwambia pumzika?

Mwaka juzi Novemba nilikuwa na sare za kamati za harusi mbili. Kitenge kimoja ila kila mama na mshono wake, huyu anataka shingo ya mtumbwi, yule mikono ya puto, mwingine kabadilisha mawazo wakati nimeshakata. Nikawa nashona mpaka saa nane usiku, kahawa, narudi kwenye cherehani, kahawa, wiki ya pili hiyo. Usiku mmoja nakanyaga pedali naona kitambaa hakiendi. Nakanyaga tena hakiendi. Nikainama niangalie kimekwama wapi, kumbe ni kidole changu cha shahada, sindano imepita kwenye kucha imetokea chini, na nilikuwa sijasikia. Nikazungusha gurudumu kwa mkono taratiiibu sindano ikapanda, damu ikadondoka kwenye kitenge cha mama wa bwana harusi, na naomba mnisikilize vizuri hapa, kitu cha kwanza nilichowaza ni kile kitenge. Nikakimbilia maji na sabuni nifue doa. Kidole nikakikumbuka baadaye.

Hiyo ndo hali naiongelea leo, pale unapokuwa umechoka mpaka mwili wako mwenyewe unakuwa kama wa mtu mwingine.

Kliniki nesi akanifunga kidonda akanipima na presha, 160 kwa 100. Akaniuliza unalala masaa mangapi, nikasema manne. Akasema mtu mzima anahitaji saba angalau, na hiyo kahawa unayokunywa jioni, baada ya masaa matano nusu yake bado inazunguka mwilini. Akanipima malaria na wingi wa damu, akaniuliza pia kama nimekulia mwaloni, huku ziwani mitumbwi inapotia nanga, kwa sababu kichocho nacho kinachosha mtu polepole miaka na miaka. Hilo naomba mlibebe, siyo kila uchovu ni kazi, msikae nyumbani mnasema ni mawazo tu kumbe una upungufu wa damu au sukari imepanda, nenda kapime. Na kama moyo umekuwa mzito wiki mbili mfululizo, huli, hulali, hata mtoto akicheka wewe huoni raha, nenda pia, hilo nalo ni la hospitali, haina aibu yoyote.

Sasa nikiwa na bandeji kidoleni akaja mjomba kunisalimia, yeye ni mvuvi wa dagaa visiwani, kaniletea kifuko cha dagaa. Nikamuuliza mjomba mbona uko nyumbani katikati ya wiki, akasema mwezi mkubwa. Basi. Nyie mmezaliwa huku mnajua, dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mnawasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi za sola, dagaa wanakusanyika penye mwanga mnawazungushia wavu. Mwezi ukijaa mwanga unatapakaa ziwa zima, dagaa wanatawanyika, taa haina kazi. Wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanaenda kuona wake na watoto, na hakuna anayewaita wavivu. Giza likirudi wanaingia majini wana nguvu.

Nilikaa nikamwangalia yule mzee, miaka zaidi ya sitini, anavuta kasia mpaka leo. Mi nina arobaini na moja na presha.

Na wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na kipindi chao, wakishavuna ndo Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanashindana siku kadhaa, kazi imewekwa pembeni. Sisi wa mjini mwezi tumeufuta kwa umeme, mavuno hatuna, basi tunaunganisha Januari na Disemba kama uzi usio na fundo. Usiku ndo usiseme, saa sita mtu ameshika simu mwanga unampiga usoni, na ule mwanga unachelewesha ile homoni ya usingizi, melatonini. Mi nikiiona simu yangu gizani sa hivi naikumbuka ile taa ya mjomba, na mimi ndo dagaa.

Nilichofanya, wiki ya mwezi mkubwa sipokei oda mpya, namalizia zilizopo tu. Saa kumi na moja jioni nafunga, simu inalala kwenye droo ya cherehani dukani. Asubuhi kabla ya kufungua naenda kwa miguu mpaka pale Jiwe la Bismarck, nakaa naangalia maji dakika ishirini. Wateja wawili waliondoka, wa tatu akaniambia fundi siku hizi mishono yako imenyooka. Presha iko 130 kwa 84, na dawa nameza kila siku, sijaacha.

Ndiyo mama, uliza. ... Anasema yeye anauza nyanya, asipofungua leo kesho hawali, mapumziko atayatoa wapi. Mama, swali lako ni la kweli, wiki nzima sikwambii, ningekuwa nakudanganya. Ila mi na jirani yangu anayeuza vifungo na zipu tulianza na masaa mawili. Jumatano saa nane mpaka saa kumi ananishikia duka naenda kulala kwenye mkeka kule nyuma, Alhamisi namshikia yeye. Hela hailiwi, daftari tunaandikiana. Huyo anayepanga vitunguu pembeni yako, amekaa na wewe leo? Eeh, basi ongeeni hapo hapo kabla hamjanyanyuka.