Asante kwa Nani, na kwa Lipi?

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele na milele, Amina.) Asanteni, kaeni.

Ofisi ya vijana ya parokia imeniita nizungumze nanyi mnaojiandaa kwenda kujitolea misheni, na mada niliyokabidhiwa ni shukrani kwa watu tunaokutana nao katika utume. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita katika zahanati ya misheni huku Eastlands, Nairobi, na huko nimekula keki nyingi sana za kuagana: padre amehamishwa, sista anarudi kwao, kijana wa kujitolea amemaliza mwaka wake. Kila mara, keki ikishaliwa na kabla ya picha, anayeaga husimama na kusema, “Nilikuja kutoa, lakini nimepokea zaidi.” Watu wanapiga makofi. Mimi pia napiga, maana sikulelewa vibaya. Lakini maneno hayo yamenichosha.

Mshike msemaji pembeni umuulize: umepokea nini hasa, na mkononi mwa nani? Atakuambia furaha. Atakuambia tabasamu la watoto. Jamani, watoto wa mitaa yetu wakiona mgeni ana kamera watatabasamu tu, hata kama hawajala tangu jana. Mtu asiyeweza kusema alipewa nini na nani bado hajashukuru. Ameaga vizuri, basi.

Ngoja niwaambie habari za mpishi wetu. Jina silitaji kwa sababu mwenyewe alinikataza, na mimi mama yule namwogopa mpaka leo. (Kicheko.) Misheni yetu ilikuwa na shule, na mchana watoto walikula githeri. Naona mnavyokunja nyuso, kila mmoja anakumbuka ya shuleni kwake. Basi sufuria kubwa la githeri lina tabia yake. Juu hubaki mahindi matupu, chini ndiko kuna mchuzi na maharagwe yaliyopondeka. Ukipakua kwa haraka, walio mbele wanatafuna mahindi makavu, walio nyuma wanakunywa supu. Yeye alikuwa na mwiko mrefu wa mti. Akishapakua sahani chache anausimamisha, anausukuma mpaka ugonge chini, anainua kwa nguvu za mabega na kugeuza, ndipo anaendelea. Na watoto walikuwa mamia. Siku moja nikamwambia, “Mama, mgongo huo utaumia. Wa mwisho watakula kilichobaki.” Akanijibu bila kuniangalia, “Daktari, huyo wa mwisho amechelewa kwa sababu alianza na kuteka maji.” (Mtaani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, msinishtaki.)

Jibu hilo nilirudi nalo zahanati. Tulikuwa tunatoa namba za foleni saa moja asubuhi, na zikiisha zimeisha. Nikaomba tutenge chache za saa nne, kwa wanaotoka kibarua cha usiku viwandani na akina mama wanaofua nguo za watu alfajiri kabla ya kumleta mtoto. Utaratibu ule ulidumu. Wageni waliotutembelea waliusifu sana, wakafikiri umetoka kwenye semina. Umetoka jikoni. Kwa hiyo mkiniuliza nilipokea nini misheni, hilo la kwanza naweza kuwaonyesha kwa kidole: lilitoka kwa nani, na lilifanya nini.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Sura ya kumi na sita ya Waraka kwa Warumi wengi wetu tunairuka, tunaona ni orodha ya salamu. Msiiruke. Priska na Akila wamo kwa sababu walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Mariamu, kwa sababu alijitaabisha sana kwa ajili yao. Mama yake Rufo yumo pia, na Paulo anasema ni mama yangu na mimi. Sijui kama mnaona: mhubiri mkubwa namna ile, na katikati ya theolojia nzito anataja mama wa mtu, nadhani kwa sababu kuna siku alilishwa au alifuliwa. Na Tertio, aliyekuwa akiandika waraka kwa mkono wake Paulo akisema, anapewa nafasi ya kuweka salamu zake mwenyewe. Karani! Kwenye hafla zetu karani ndiye anayepanga viti.

Tuje nyumbani. Sisi Kenya tuna Mwenyeheri Irene Stefani, sista wa Konsolata aliyezaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891. Alifika kwetu mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vimekwisha kuwaka, akahudumu katika hospitali za wapagazi, Voi, kisha Kilwa na Dar es Salaam. Baadaye alikaa Gikondi, Nyeri, akifundisha na kutembelea wagonjwa, mpaka alipokufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni, ugonjwa alioupata akimuuguza mwalimu. Alitangazwa Mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na wengine wenu hapa mlikuwapo, mlikanyaga lile tope. Sasa jiulizeni, tumejuaje habari zake? Ni kwa sababu watu walikumbuka na kusimulia, na masimulizi yao yalikuwa na mambo ndani: aliwaandikia akina mama barua za kuwapelekea wana wao waliokwenda kutafuta kazi mbali, alimkalia fulani kitandani usiku. Kanisa halimtangazi mtu Mwenyeheri kwa ushahidi wa “alitupenda sote.” Lingemuuliza shahidi: alikufanyia nini wewe?

Kwa hiyo kushukuru kwa undani tunaweza. Swali langu ni kwa nini undani huo unaelekea upande mmoja. Wapagazi wale aliowahudumia ni akina nani? Walikokotwa kutoka vijijini kubeba unga na risasi za jeshi la Mwingereza, wakafa kwa maelfu, na ugonjwa uliwaua wengi kuliko bunduki. Kituo chao hapa mjini kilituachia jina la Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mnapita pale kila siku kwa matatu mkienda kununua viondo na nyama choma. Na pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, ukumbusho wa mwaka 1928, ambao maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mara ya kwanza niliposoma nilifurahi. Nikasoma tena. Miguu na mikono, na hakuna jina. Na hapo hapo maandishi yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba aliyekufa vitani! Simlaumu Sista Irene kwa hilo, yeye alikuwa anaosha vidonda vyao. Nasema tu kwamba ukumbusho unaweza kuwa wa shaba na bado usimkumbuke mtu.

Sasa jambo ambalo paroko huenda angependa niliruke. Katika jumuiya moja ninayoijua, mlinzi wa lango alistaafu baada ya miaka mingi ya kukesha. Alipewa blanketi, bahasha na hotuba nzuri sana, tulilia. Mwezi uliofuata alikwenda kuuliza pensheni yake akakuta NSSF haikuwa imelipwa kwa miaka kadhaa. Ilirekebishwa, baada ya kelele. Lakini fikirini: tulikuwa na machozi, na michango hatukuwa nayo. Yesu alipowatuma wale sabini alisema mtenda kazi amestahili ujira wake, na sisi tunaotumwa tunapenda kulisoma neno hilo tukijifikiria wenyewe. Mkifika huko mtakapokwenda, kabla ya kupiga picha na mpishi, ulizeni analipwa lini, na kama analipwa. Mtaonekana wajeuri. Ulizeni tu, kwa adabu.

La mwisho, halafu maswali. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi sita: miwili ya mwanzo aina nne, minne inayofuata aina mbili. Shida haiko mwanzoni, mwanzoni mgonjwa anaogopa. Shida ni mwezi wa tatu, kikohozi kimekata, uzito umerudi, nauli ni ngumu, mtu anaona amepona anaacha. Tulikuwa na mama mboga mmoja aliyemaliza miezi yake yote sita bila kukosa. Alipomaliza hakuondoka. Asubuhi, akitoka sokoni na mzigo wake, alikuwa anapitia kwetu, anakaa kwenye benchi la karibu na mlango, chupa ya uji kando, anachagua majani ya sukuma wiki yaliyotoboka huku akiongea na wagonjwa wapya. “Kesho mkojo utatoka rangi ya Fanta. Usikimbie, ni dawa hiyo.” “Usimeze na njaa utatapika, shika uji.” Mambo hayo mimi nilikuwa nayasema kila siku, kwa Kiswahili safi, na karatasi mkononi. Wakaitikia ndiyo sista, wakaenda nyumbani wakaogopa mkojo. Kwake walielewa, kwa sababu walimwona amenona.

Nilipostaafu nilimfuata kibandani kwake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia: wewe ulifanya wagonjwa wangu wasiache dawa, fulani yuko hai kwa sababu ulimfuata mpaka nyumbani mwezi wa tatu, uji ulioutoa ulikuwa wa pesa yako na hatukuwahi kukurudishia, hii hapa. Akaendelea kukatakata sukuma, kisu hakikusimama. Akapokea pesa, akahesabu, akaziweka chini ya gunia la viazi.

“Nimesikia,” akasema. “Sasa kuna jirani yangu wa plot anakohoa wiki ya tatu, anasema ni vumbi la barabara. Tunamwendea lini?”

Tulimwendea Jumanne.