Kwa nini Ghazali aliiacha Baghdad

Ndugu zangu, walionisikiliza miaka iliyopita watasema huyu amerudi kwenye mada ya riyaa tena, yaani kufanya jema ili watu wakuone. Nimerudi, na nitazidi kurudi, maana kila Ramadhani naona hali inazidi.

Mtazameni Imam Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kusomesha Nidhamiya, chuo kikubwa cha dini cha Baghdad, hata miaka 35 hajafika. Wanafunzi 300 mbele yake. Hakuwa mwizi wala dhalimu, alikuwa akisomesha dini! Lakini ameandika mwenyewe kwamba alipoikagua nia yake hakuikuta safi kwa ajili ya Allah. Kilichomsukuma ni cheo na jina kuenea. Mwaka 1095, kwa karibu miezi sita, asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Mpaka ulimi ukafungika. Anajikaza asomeshe walau siku moja, neno halitoki. Mchuzi haupiti kooni, tonge haisagiki tumboni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yametoka moyoni. Hapo ndipo akagawa mali, akabakisha ya kuwatosha watoto, akaaga kwamba anakwenda Makka, kumbe nia yake Sham, nchi ya Syria. Kule Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia kutwa nzima. Juu kule nani wa kumwambia mashaallah?

Mtaniuliza, basi sote tuache darsa tukajifungie minarani? Sikusema hivyo. Ghazali alirudi kusomesha, katika mji wa Nishapur, Uajemi, mwaka 1106. Akaeleza kwamba zamani alifundisha elimu ya kuchumia cheo, na sasa anaita watu kwenye elimu ya kukiacha cheo. Mwalimu yuleyule, lakini hakurudi mpaka moyo ulipotibiwa.

Sisi je? Mjane anapewa mchele, unga na tende, na kabla hajaufunga mfuko anaambiwa, "Mama, geuka huku kidogo." Simu iko usoni kwake. Kesho wanawe wanaoneshwa picha hiyo na wenzao. Na msinisomee aya ya 271 ya Al-Baqara, naijua: mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni kheri zaidi kwenu. Iliyoruhusiwa kudhihirishwa ni sadaka. Kumdhihirisha fakiri, nani amekuruhusu? Unataka wengine wahamasike? Piga picha magunia, mama wa watu mwache!

Nilitaka kuieleza hadithi ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa, shahidi, msomi na mtoaji, waliofanya ili wasifiwe na watu. Imo katika Sahihi ya Muslim, kaisomeni, muda umekwenda.

La mwisho, nalo ni la vijana. Fudhayl bin Iyadh, mchamungu wa zama za kale, amesema kuacha amali kwa ajili ya watu ni riyaa. Wewe unayeikimbia safu ya kwanza ya swala usije ukaambiwa unajionesha, bado ni hao hao watu unaowatumikia. Nenda kasimame safu ya kwanza, wakisema waache waseme.

Haya, maswali. Aanze yule wa nyuma, kisha upande wa kina mama.