Adui Mdogo Ndiye Mwenye Kazi

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa miswada ya vipindi vya watoto yenye adui mkuu mmoja, kakaa kitini anacheka kwa sauti nene, na chini yake hamna mtu. Kuna walinzi wawili wasio na majina, wakiguswa wanaanguka. Huo ni uvivu!

Mfano wangu ni uleule, Knightmare, kipindi cha Uingereza kilichotengenezwa na Anglia Television mjini Norwich na kurushwa ITV kuanzia 1987 hadi 1994. Mnaukumbuka mchezo wenyewe. Mtoto mmoja anavishwa kofia kubwa inayomziba macho, anaingia kwenye mahandaki ya ngome ya Treguard, mwenyeji wa kipindi, na wenzake watatu wanaomtazama kwenye skrini wanamwelekeza: geuka kushoto, hatua mbili, simama. Chumba alichomo kimepakwa buluu kotekote. Ngome anayoiona mtazamaji imewekwa na kompyuta mahali pa buluu hiyo.

Adui mkuu wa misimu ya mwisho ni Lord Fear, na kila mtu humtaja yeye. Mimi nataka mumtazame Sylvester Hands.

Hands ni mwizi. Mchafu, hana ngome, hana jeshi. Anatafuta kitu cha kuuza, na akikikosa atamkamata mtoto mwenyewe ampeleke kwa Lord Fear. Sasa mfikirieni mtoto wa miaka 12 au 13 mbele ya mtu huyo. Haoni. Anasikia sauti inayobembeleza, mara inatisha, mara inasogea karibu. Wenzake nao wanabishana masikioni mwake: mpe! Usimpe! Hana maneno ya kukariri, maana hakuna aliyemwandikia. Lazima aseme kitu sasa hivi. Na mwigizaji, Paul Valentine, naye lazima ajibu papo hapo, kwa kuwa hajui mtoto atasema nini. Valentine huyohuyo ndiye aliyecheza Motley, mchekeshaji aliyewasaidia watoto, na mtu aliyezoea kuchekesha hujua kutisha kwa kipimo.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Adui mkuu ana kila kitu, utamhonga na nini? Mwizi mwenye njaa anahongeka, anadanganyika, anatishika. Ndiye anayempa mtoto kazi ya kufikiri na kusema, badala ya kukimbia tu.

Kuna atakayeniambia mwizi wa kuchekesha anaondoa hofu. Wapi! Katika vipindi 112, timu 8 tu ndizo zilizoshinda. Hatua moja pembeni, mtoto katumbukia shimoni, safari imekwisha. Mchezo mgumu kiasi hicho haulegezwi na mwizi mmoja.

Mwingine atasema watoto wetu hawajazoea adui wa namna hiyo. Jamani! Wamelelewa na Fisi. Katika hadithi zetu mfalme ni Simba, lakini anayekaa kichwani mwa mtoto ni Fisi na tumbo lake, na Sungura humnasa kwa tumbo hilohilo. Tusijifanye hatujui.

Nina mengine mawili, nitayapitia haraka. Kwanza sauti: mchezaji akiwa haoni, adui mzima yumo katika sauti, kwa hiyo msichague mwigizaji kwa sura. John Woodnutt alicheza Merlin, mchawi mwema, na pia Mogdred, mchawi mwovu, ndani ya kipindi hichohicho. Sikilizeni alivyoitumia sauti yake. Pili, adui mdogo arudi. Hands hakuja mara moja akapotea. Watazamaji walimzoea, na timu mpya ikiingia, waliokuwa nyumbani walishajua mifuko iko hatarini.

La mavazi naliacha. Mliokuja na miswada, kabla hatujaanza maswali, fungueni ukurasa wenye walinzi wasio na majina, mmoja wenu asome kwa sauti.