Soseji Ikishatoka Jikoni

Ndugu wenye mabucha na watengenezaji wa soseji wa Nakuru, nawashukuru kwa kunialika. Leo sitakaa sana kwenye nyama mbichi, maana kila mmoja wenu anajua kuwa ina vijidudu na huishika kwa tahadhari. Nataka tuitazame soseji iliyokwisha kupikwa, ambayo mwenyewe huiacha mezani ipoe akidhani kazi imekwisha.

Bakteria ninayemhofia hapo ni listeria. Joto la nyuzi 70 likifika katikati ya soseji na kudumu dakika 2, hufa. Mradi mpime kwa kipimajoto kilichochomwa ndani ya nyama, kwa kuwa rangi hudanganya. Hatari ni kwamba hurudi baadaye, akitokea penye majimaji: kwenye mtaro wa sakafuni, kwenye magurudumu ya toroli, nyuma ya kisu cha mashine ya kukatia, ambako hujijengea utando unaoteleza ukiupitishia kidole. Jioni kijana wa usafi huuelekeza mpira wa maji mtaroni kwa nguvu zote, na matone membamba, ambayo hata yeye hayaoni, huruka na kutua juu ya soseji zinazopozwa. Usiku zinaingia kwenye friji, na humo listeria, tofauti na bakteria wengi, huendelea kuzaana polepole hata kwenye nyuzi 4.

Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, listeria kwenye poloni, aina ya soseji nene iliyo tayari kuliwa, iliwafanya watu zaidi ya 1,000 waugue na kuua zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi, na ilikotengenezwa palikuwa kiwanda kikubwa chenye mitambo ambayo sisi hatuna. Kwa kuwa dalili zaweza kuchelewa hata wiki kadhaa, mteja wenu huenda asikumbuke alikula nini.

Kuhusu usafi, mpangilio ndio kila kitu. Klorini ikimwagwa juu ya mafuta huishia kwenye mafuta. Kwa hiyo ondoeni mabaki, sugueni kwa sabuni, suuzeni, ndipo mtie dawa, kisha muache pakauke. Mtaro usuguliwe kwa brashi yake pekee, soseji zikiwa zimeshafunikwa na kuondolewa.

Najua wengi wenu mna chumba kimoja tu. Basi gawanyeni saa: asubuhi, kabla nyama mbichi haijaingia, fungasheni soseji zilizopikwa jana, mkiwa na aproni safi na visu ambavyo havijagusa kitu kibichi.