Jeni Zilizopotea Nazo Zihesabiwe

Ndugu wasikilizaji, hoja hii nimeitoa katika kumbi nyingi, na sitachoka kuirudia maadamu kosa lenyewe bado linafanyika: mtafiti hukuta jeni katika jenomu moja, yaani katika jumla ya jeni na DNA yote ya kiumbe, akaikosa kwa jamaa zake wa karibu, na papo hapo akatangaza kwamba imeingia kutoka nje, yaani kutoka kwa kiumbe wa aina nyingine badala ya kurithiwa kwa mababu.

Jenomu ya binadamu ilipochapishwa Februari 2001, mradi wa kimataifa ulitaja protini 223 zilizofanana na za bakteria lakini zisizo na mfanano wa kiwango hicho katika hamira, mnyoo wala inzi, ukapendekeza kwamba baadhi ya jeni zake zilitoka kwa bakteria moja kwa moja hadi kwa mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo. Mwaka uleule kundi jingine lilirudia ulinganisho, na kadiri jenomu zilivyoongezwa ndivyo orodha ilivyopungua, hadi zikabaki jeni 40 hivi. Hata hizo zilielezeka kwa upotevu: babu wa wote alikuwa nayo, inzi akaipoteza katika tawi lake la mti wa nasaba, mnyoo katika lake, sisi tukabaki nayo.

Najua kuna atakayesema kwamba kupoteza mara tatu ni matukio matatu na kupata ni tukio moja, basi tuchague pungufu. La hasha! Matukio hayo hayalingani uzito. Kuiua jeni, badiliko la herufi moja ya DNA laweza kutosha. Jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa vitamini C iliharibika kwa mababu wa kima, sokwe na binadamu, na kwa baadhi ya popo ikaharibika kivyake. Ndiyo maana tunahitaji modeli ya hesabu inayoupa kila ukoo wa jeni, yaani kundi la jeni zenye asili moja, kasi ya kujinakili, ya kupotea na ya kuingia kutoka nje, kisha ikajumlisha uwezekano wa historia zote zinazoweza kuzaa idadi za jeni tunazoziona katika kila jenomu, huku tawi refu likipewa nafasi kubwa ya mabadiliko kuliko tawi fupi.

Kuna pia koo zilizotoweka katika kila jenomu tuliyonayo. Hizo hazimo katika jedwali la idadi hizo, kwa hiyo uwezekano wa kila ukoo uliomo sharti ugawanywe kwa uwezekano wa ukoo kuonekana angalau mara moja. Anayesahau hatua hii hupata kasi ya upotevu iliyo ndogo kuliko ya kweli.

Muda umenibana, nigusie tu makosa ya usomaji. Jenomu ambayo vipande vyake vilivyosomwa vimeunganishwa nusunusu huonekana imepoteza jeni, na sampuli yenye uchafu huonekana imezipata: mwaka 2015 ilidaiwa kwamba takriban asilimia 17 ya jeni za tadigradi, vijidudu vya majini vyenye miguu minane, zilitoka kwa viumbe wengine, na siku chache baadaye jenomu nyingine ya spishi ileile ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa uchafu wa bakteria. Kosa la aina hiyo liwekewe kigezo chake, yaani namba ya kulipima, ndani ya modeli, nacho kikadiriwe pamoja na kasi zenyewe.